Mende wa msituni ndani ya nyumba: soma dalili kabla ya kushika dawa

Malalamiko huja yakifanana. Nyumba ni safi, vyombo vimeoshwa, taka zimetolewa, lakini usiku ukiingia mende wa rangi ya asali anatua ukutani karibu na taa. Mwenye nyumba anaona aibu, ananunua dawa, anapuliza jiko zima, na kesho yake anamwona mwingine. Si kwamba dawa ilikuwa mbovu. Imepulizwa mahali ambapo mende huyo hajawahi kuishi.

Hawa ni mende wa msituni, wa jenasi ya Parcoblatta, wenyeji wa misitu ya Amerika Kaskazini. Anayelalamikiwa zaidi ni Parcoblatta pennsylvanica, anayepatikana mashariki mwa Marekani na upande wa kusini-mashariki mwa Kanada. Maisha yake yako chini ya magome yaliyobanduka, ndani ya visiki vilivyooza na kwenye majani makavu yaliyorundikana. Anakula mabaki ya mimea inayooza. Hatafuni mbao za nyumba wala samani. Anahitaji unyevu wakati wote, kwa hiyo akikwama ndani ya nyumba kavu hufa baada ya siku chache, na hazaliani humo.

Ndiyo maana swali la kuuliza kila mara ni ameingilia wapi. Ukilijibu hilo, dawa huwa haina kazi tena.

Kwanza hakikisha ni yeye

Mfunike mmoja kwa glasi, pitisha karatasi ngumu chini yake, kisha mpeleke penye mwanga. Usimponde, kwa sababu alama unazozitafuta ni ndogo.

Dume ana urefu wa sentimita 2.5 hivi, mwembamba, kahawia hafifu, na mabawa yake yanapita ncha ya tumbo. Tazama ile ngao iliyofunika kichwa: pembeni ina ukingo mweupe wa kimanjano, karibu uangavu, na ukingo huo unaendelea kwenye bega la bawa. Hiyo ndiyo alama ninayoiamini kuliko zote. Jike ni mfupi kidogo, mweusi zaidi, na mabawa yake ni vipande vifupi visivyofika mwisho wa tumbo, hivyo haruki kabisa. Watu wengi hudhani ni aina nyingine ya mende.

Halafu washa taa ghafla umtazame. Mende wa jikoni hutimua mbio kwenda gizani. Wa msituni hakimbii mwanga, hutembea polepole ukutani hata mchana, kama mgeni aliyepotea mtaa.

Wa kuchanganya naye ni hawa. Mende wa Kijerumani ana sentimita 1.5 tu, na mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa. Yule mkubwa mwekundu wa kwenye mifereji, Periplaneta americana, hufika sentimita 4, na licha ya jina lake asili yake ni Afrika. Mende wa Mashariki ni mweusi wa kung'aa, na hupenda sehemu za chini zenye majimaji. Ukiwa na mmoja wa hao watatu, ruka hadi dalili ya sita.

Dalili ya 1: Wanaruka kuingia usiku, hasa Mei na Juni

Hili ndilo lalamiko linaloongoza. Huo ndio msimu wao wa kupandana: madume huruka usiku kutafuta majike, na njiani huvutwa na taa. Anayeruka ni dume peke yake. Ukikamata watano na wote wana mabawa marefu, umeshapata nusu ya jibu.

Chanzo cha kwanza, na mara nyingi cha pekee, ni taa ya nje. Taa nyeupe kali juu ya mlango huwaita kutoka kwenye miti, wakatua ukutani, na mlango ukifunguliwa wanaingia pamoja na wewe. Jaribio lake halina gharama. Zima taa zote za nje usiku tatu mfululizo, funga mapazia ya vyumba vinavyowaka taa, uhesabu walioingia. Idadi ikishuka waziwazi, badilisha balbu nyeupe uweke za manjano, au funga taa inayowaka mtu anapopita tu. Bora zaidi, isogeze taa mbali na mlango, iwe kwenye nguzo inayomulika mlango kutoka upande wa pili. Wadudu watakusanyika kwenye nguzo.

Taa ikishazimwa na bado wanaingia, tafuta mianya. Subiri giza. Mmoja akae ndani bila taa, mwingine azunguke nje na tochi akimulika taratibu kingo za mlango na madirisha. Kila aliye ndani anapoona uzi wa mwanga wa tochi, aweke alama kwa kipande cha utepe. Kwa kawaida alama nyingi huangukia chini ya mlango wa nyuma na kwenye pembe za madirisha ya kusukuma pembeni, mahali ambapo macho ya mchana hayaoni kitu.

Kuziba kuna ufundi wake. Chini ya mlango weka ukanda wa mpira, uguse sakafu bila kukwama. Kwenye sehemu zinazofunguka na kufungwa weka utepe wa sponji au wa mpira. Silikoni ni ya nyufa zisizosogea: kati ya fremu na ukuta, au bomba linapopenya. Wavu uliotoboka ushone au bandika kiraka. Wavu uliolegea kwenye fremu ni mbaya sawasawa na uliotoboka, kwa hiyo ubonyeze kwa kidole kuzunguka kingo zote.

Angalizo mbili. Vile vitundu vidogo chini ya fremu ya dirisha ni vya kutolea maji ya mvua, usivijaze silikoni, maji yatarudi ukutani. Na tundu la hewa la jiko la gesi, la hita ya maji au la mtambo wa kupasha nyumba joto lisizibwe hata kidogo. Hewa ikikosekana, moto hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Kama hujui tundu fulani ni la nini, acha, mwite fundi wa mitambo hiyo.

Dalili ya 2: Ni katikati ya baridi, nje kuna theluji, na mende anatembea sebuleni

Kama mnatumia kuni, usitafute mbali. Mende hawa hupitisha baridi wakiwa bado wachanga, wamejibana chini ya magome wakiwa wamezubaa. Gogo likiwekwa kando ya meko, joto huwaamsha wakadhani machipuko yamefika. Ndipo mtu anamwona mmoja kwenye zulia saa nne asubuhi.

Hakikisha hivi. Tandaza shuka jeupe au gazeti nje, chukua magogo mawili kutoka kwenye rundo, uyagonganishe kwa nguvu mara tatu nne. Kwanza huanguka vumbi la magome na vipande vya ukuvu. Kisha kipande kimoja cha kahawia, kilichokuwa bapa kama punje ya gome, kinatoa miguu na kuanza kujikokota. Kwenye baridi kali huenda polepole sana hata ukahesabu hatua zake. Banua pia gome lililolegea na utazame upande wa ndani: huenda ukakuta vifuko vyao vya mayai, vya manjano ya kahawia, vidogo kama punje ya mchele. Kifuko kimoja kinaweza kubeba mayai hadi 32.

Makosa yanayojirudia, kuanzia la kawaida zaidi:

- Kuni za wiki nzima zinawekwa ndani. Ingiza za siku hiyo tu, uzigonganishe nje kabla ya kuvuka kizingiti.
- Rundo limeegemezwa kwenye ukuta wa nyumba. Lihamishe, mita 6 au zaidi kama nafasi ipo.
- Kuni zimelala juu ya udongo. Ziinue kwa sentimita 15 au zaidi, juu ya matofali au fremu ya chuma, hewa ipite chini. Funika juu tu, pembeni paachwe wazi zikauke.
- Kuni za zamani hubaki chini miaka yote kwa sababu mpya hurundikwa juu yake. Hizo za chini ndizo hugeuka makazi. Choma za zamani kwanza.

Usipulize dawa ya wadudu kwenye kuni. Naliandika hili kwa msisitizo kwa kuwa watu wema hulifanya kwa nia njema. Dawa ikiungua mekoni hutoa mvuke wenye sumu, na mvuke huo ndio mnaovuta mkiwa mmekaa kuota moto. Halafu dawa haifiki chini ya gome alikojificha mdudu. Kama kuni zimeshapulizwa, zitoe ndani wala msizichome.

Na kuni zichomwe karibu na zilikokatwa. Ukizisafirisha mbali unasafirisha na wadudu waharibifu wa miti, ambao ni hatari mara nyingi zaidi kuliko mende hawa. Tangu mwaka 2002 alipogunduliwa Michigan, yule mdudu wa kijani anayetoboa miti ya jenasi ya Fraxinus (ash kwa Kiingereza) ameua mamilioni ya miti Marekani, na kuni za kusafirishwa ni mojawapo ya njia zilizomsambaza.

Dalili ya 3: Mende mweusi asiye na mabawa, sehemu ya chini ya nyumba au bafuni

Hapa usiharakishe. Anaweza kuwa jike wa msituni, mtoto wake, au mende wa Mashariki, na tiba zao hazifanani. Weka mitego ya gundi sita: miwili karibu na mlango wa nje, miwili karibu na mabomba na tundu la maji machafu, miwili kwenye pembe zenye unyevu. Iguse ukuta, kwa sababu mende hutembea wakifuata ukuta. Andika tarehe, subiri wiki moja.

Wakinaswa wachache karibu na mlango au dirisha la chini, wanatoka nje. Wakinaswa kwa wingi karibu na tundu la maji machafu, wakubwa kwa wadogo, hao si wa msituni.

Kwa wa msituni, anza na kinachogusa ukuta kwa nje. Majani makavu yaliyokusanyika pembeni ya msingi na matandazo ya magome kwenye bustani ndiyo blanketi lao. Fagia, na uache ukanda mtupu wa sentimita 30 au zaidi kuzunguka nyumba, udongo mkavu au kokoto. Kisha tazama mabomba na nyaya zinapoingilia ukutani: sukuma wavu wa chuma ndani ya pengo, halafu uzibe juu yake.

Kama nyumba imeinuliwa na chini ya sakafu kuna uvungu wa udongo, huko kuna unyevu. Karatasi ya nailoni nzito, ya unene wa milimita 0.15 au zaidi, ikitandazwa juu ya udongo wote hukata mvuke unaopanda, na mende hukosa sababu ya kubaki. Lakini ukimulika tochi ukaona nyaya za umeme zinaning'inia, maji machafu yametuama au ukuvu mwingi umetanda, usiingie. Rudi nyuma umwite fundi. Hakuna mende anayestahili mtu kunaswa na umeme akiwa amelala kifudifudi mahali pasipogeuka.

Dalili ya 4: Wanatokea juu, darini au kwenye madirisha ya ghorofa

Karibu kila mara ni mfereji wa paa uliojaa majani. Majani yaliyolowa na kuoza, kivuli, hakuna wa kuwasumbua: kwa mende huyu hiyo ni sakafu ya msitu iliyopandishwa juu ya paa. Wakati wa mvua simama chini utazame. Maji yakimwagika juu ya ukingo badala ya kushuka kwenye bomba, umeziba.

Kisha tazama matawi yanayogusa paa, vigae vya mbao vya zamani, matundu ya hewa ya dari yaliyokosa wavu, na dohani isiyo na kofia. Matawi kata, wavu weka. Dohani ni jambo jingine. Ukiweka wavu mwembamba juu ya dohani inayotumika, masizi huuziba na moshi hurudi ndani. Kazi hiyo ni ya fundi wa dohani, ana vifuniko vinavyostahili.

Ngazi isimame kwenye ardhi imara, pawe na mtu wa kuishikilia, na iwe mbali na nyaya za umeme. Paa likiwa na mteremko mkali au limelowa, lipa mtu mwenye vifaa.

Dalili ya 5: Nimepuliza mara mbili, tatu, na bado nawaona

Acha kupuliza. Walio ndani walikuwa wafe wenyewe, na walio nje hawajaguswa. Chambo za jikoni nazo hazisaidii, zimewekwa kwenye njia asizopita. Kila usiku taa ikiwaka, wapya wanakuja kutoka msituni, na huwezi kupuliza msitu.

Makopo ya kutoa ukungu wa dawa chumba kizima siyapendekezi kabisa kwa tatizo hili. Ukungu haupenyi kwenye nyufa, dawa inabaki juu ya meza na vitanda, na gesi ya makopo hayo inaweza kushika moto kwenye jiko linalowaka. Kuongeza kipimo juu ya kile cha lebo nako hakuongezi nguvu, kunaongeza sumu. Dawa zenye permethrini ni hatari kwa paka, na samaki wa tangini hufa haraka.

Mtu akipata kizunguzungu, kutapika au kupumua kwa shida baada ya dawa kupulizwa, mtoeni kwenye hewa safi na pigeni simu ya dharura au kituo cha taarifa za sumu, mkiwa na kopo mkononi ili mwasomee lebo.

Kuna nyumba zilizozungukwa na msitu pande zote ambako, hata baada ya kuziba na kubadilisha taa, wachache wataendelea kuingia kwa wiki kadhaa kila mwaka. Mpiga dawa anayekuahidi kuwamaliza kabisa hapo anakuuzia asichoweza kuleta. Aliye mzuri hukuuliza kwanza kuhusu taa, kuni na mifereji.

Dalili ya 6: Wako wengi, wadogo kwa wakubwa, mwaka mzima

Huyu si wa msituni. Ishara zake: wanakimbia taa ikiwashwa, kuna vidoti vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa kwenye bawaba za kabati, kuna harufu nzito, na wamejazana nyuma ya jokofu. Wanazaliana ndani, na kila wiki ya kusubiri inawaongeza. Mpiga dawa mwenye leseni aitwe mapema, hasa kama nyumba ina mtoto au mtu mzima mwenye pumu, kwa kuwa kinyesi na maganda ya mende hao huamsha pumu. Mwonyeshe uliyemnasa kwenye gundi, usimtupe.

Dalili ya 7: Mbao zinalika, na nimewaona mende karibu

Usiwasingizie mende. Ubao unaobonyea kwa bisibisi, njia za udongo zilizopanda ukutani au unga wa mbao sakafuni ni kazi ya mchwa, sisimizi wanaotoboa mbao au maji yaliyopenya muda mrefu. Mende wa msituni amefuata unyevu tu, na kwa maana hiyo amekusaidia kuona. Hapa hakuna jaribio la kufanya mwenyewe. Mwite mtaalamu wa mchwa na fundi wa ujenzi, na usibomoe wala kupaka dawa kabla hawajaona.

Yupo kweli mende anayekula mbao, Cryptocercus, asiye na mabawa, anayeishi kifamilia ndani ya magogo yaliyooza kwenye milima ya Appalachia. Ni ndugu wa karibu wa mchwa. Lakini yeye huhitaji gogo bovu la msituni, hana haja na boriti kavu ya nyumba yako.

Dalili ya 8: Namwona mmoja tu, mara moja moja

Hilo si tatizo la kutibu. Kama una mashine ya kufyonza vumbi, mfyonze, kisha mfuko umwage nje na si kwenye pipa la jikoni, maana hutoka akiwa hai. La sivyo, ile glasi na karatasi ngumu vinatosha. Mpeleke mbali na taa ya mlangoni, mwachie kwenye majani. Kwenye misitu ya misonobari ya kusini-mashariki mwa Marekani, mende hawa ndio sehemu kubwa ya chakula anachochokoa chini ya magome kigogota mwenye shavu jeupe, ndege aliyeorodheshwa Marekani kuwa karibu kutoweka hadi mwaka 2024, na ndicho anachowapelekea makinda wake.